Moshi wa Saintonge

Kuna watu hapa Douarnenez, pwani ya Ufaransa, ambao mpaka leo wakinywa glasi mbili tu hunitupia lile neno lao: kwamba wenzetu walipokuwa wanapigana, sisi wa Saintonge tulikuwa Uingereza tunamenya viazi. Viazi sivikatai. Nilikuwa mpishi wa meli, na nilivimenya miaka minne mizima. Lakini mtu akiiita meli yangu chuma chakavu, damu inanichemka. Kwa hiyo nitasema ilivyokuwa, na anayetaka kucheka acheke.

Saintonge ilikuwa manowari kubwa ya kizamani, iliyoundwa kabla ya ile vita ya kwanza. Ilikuwa na mizinga kumi na miwili, na mtu mwembamba angeweza kutambaa ndani ya kila mmoja. Ufaransa ilipoanguka mwaka wa arobaini tulikimbilia Portsmouth. Haikupita muda Waingereza wakapanda melini alfajiri na bunduki zenye singe wakaichukua, maana waliogopa isije ikaishia mikononi mwa Wajerumani. Wakatuuliza nani anarudi kwao na nani anabaki kupigana. Wengi walirudi. Siwalaumu, walikuwa na wake na watoto. Tuliobaki tulihesabika, na wale waliokuwa wanaondoka walituaga kama watu wanaowaaga wendawazimu.

Tulibaki tukitegemea kupewa vita, tukapewa gati. Meli ilifungwa pale, ikawa bweni, halafu ikawa ghala, halafu ikawa kitu cha marubani wanafunzi kujifunzia shabaha. Waingereza wakaibatiza jina la Jiwe. Kila asubuhi nahodha mmoja wa boti la kuvuta meli alipita karibu yetu akipunga mkono: "Habari za Jiwe? Jiwe limelala salama?" Mimi nilimjibu kwa Kibretoni, lugha ya kwetu, maneno ambayo mama yangu angenipiga kofi kama angeyasikia.

Aliyeumia kuliko sote ni Goulven Abgrall, mkuu wa matanuri. Alikuwa mtu wa Plouescat, mfupi, mwenye umri wa miaka hamsini na miwili na mikono iliyojaa makovu ya moto. Alikuwa ameichochea ile meli makaa na mafuta tangu ujana wake. Kwa Abgrall duniani kulikuwa na dhambi moja tu, nayo ni moshi. Meli ya vita ikitoa moshi adui anaiona kutoka mbali kabla hata haijaonekana yenyewe, kwa hiyo mchochea moto hodari ni yule ambaye dohani yake, lile bomba la moshi, haitoi kitu. "Moshi ni barua kwa adui," alikuwa anasema, na aliyeandika barua hiyo kwa uzembe alinyimwa divai yake wiki nzima. Mimi alinichukia kwa sababu hiyo hiyo. Nakiri kwamba nimeunguza supu mara nyingi kuliko ninavyopenda kusema, na maharage usiseme. Jiko langu lilikuwa linafuka kutwa. Aliniita Mchoma Supu, na mabaharia wote wakamfuata.

Majira ya kuchipua ya mwaka wa arobaini na nne Waingereza wakaja na winchi. Wakang'oa injini, wakang'oa matanuri, moja baada ya jingine. Abgrall alisimama gatini akitazama mpaka la mwisho likatoka. Kisha wakaanza kumimina zege tumboni mwa meli. Siku ya tatu alikuja jikoni kwangu akakaa juu ya gunia.

"Fanch, wanakwenda kuizamisha."

"Nani kakwambia?"

"Mtu anamimina zege ndani ya meli ili iweje, iogelee vizuri? Wewe ni mjinga au unajifanya?"

Alikuwa sahihi. Luteni Hirtz alitukusanya akatueleza wazi. Luteni huyu alikuwa mtu wa Alsasi, jimbo letu la mpakani walilolinyakua Wajerumani; Kijerumani alikizungumza tangu utoto, na alikuwa na sababu zake za kuwachukia Wajerumani. Alisema majeshi yatavuka bahari kuingia Normandy. Boti ndogo zitashusha watu na shehena ufukweni, lakini mawimbi yatazisumbua. Basi meli kuukuu zitazamishwa kwa mstari karibu na mchanga ziwe ukuta, na Saintonge itakuwa kubwa kuliko zote. Watu sitini watakwenda nayo, wakae juu yake siku chache kuhudumia mizinga midogo ya kutungulia ndege, kisha watachukuliwa.

"Nani anakuja?" akauliza. Mikono yote ikapanda.

Abgrall akasema, "Afande, itazama na bendera?"

"Na bendera, Mzee Abgrall. Kubwa kuliko zote tulizo nazo."

"Sawa. Lakini Afande, nikwambie ukweli wangu. Hakuna mtu anayelipigia jiwe mzinga. Mimi nataka Wajerumani waipige. Wakiipiga, nitajua iliyokufa ni manowari. Wasipoipiga, basi wale wa boti walikuwa wanasema kweli miaka yote minne."

Watu wakacheka, na mimi nikiwemo. Yeye hakucheka hata kidogo.

Tulivutwa na maboti mawili mpaka mbele ya ufuko wa Hermanville, huko Normandy, siku tatu baada ya wale wa kwanza kushuka. Baruti zikalipuliwa chini, meli ikatetemeka, ikakaa juu ya mchanga kwa kishindo kilichomwaga sufuria yangu nzima ya maharage. Maji yaliishia chini ya sitaha. Juu vyote vilibaki vimesimama: mizinga, milingoti, bendera, dohani. Anayetazama kutoka mbali angesema imetia nanga tu. Abgrall aliizunguka sitaha yote akikagua jambo hilo, akaridhika.

Ila Wajerumani hawakudanganyika. Mizinga yao ilikuwa ng'ambo ya mto Orne, upande wa mashariki, na walikuwa wametuona tunavyoburutwa bila moshi, kama meli mbovu isiyofaa kupotezewa kombora. Makombora yao yalipita juu ya vichwa vyetu kwa sauti ya kitambaa kinachochanwa, yakaangukia boti zilizokuwa nyuma yetu na watu waliokuwa mchangani. Asubuhi ya pili nilikuwa nakata mkate pale sitahani nikaona boti lililojaa askari likipigwa katikati. Lilikuwepo, kisha halikuwepo. Niliuweka mkate chini.

Abgrall alikuwa kando yangu, ameshika ukingo wa meli kwa mikono miwili.

"Wanaturuka," akasema. "Wanaturuka, Fanch, kana kwamba hatupo!"

"Sasa unataka wakuue wewe?"

"Nataka wasiwaue wale. Na nataka watuone. Kwa nini wanaturuka? Dohani yetu imelala. Meli isiyo na moto imekufa, hata mtoto anajua. Nipe jiko lako."

"Jiko langu! Na watu sitini wale nini?"

"Wale mkate mkavu. Supu yako hawaipendi hata hivyo."

Alikwenda kwa Luteni, na Luteni akamwita meja wa Kiingereza aliyekuwa anasimamia ufuko. Meja akaja kwa kiboti, ndevu hajanyoa, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Akasikiliza yote, akatikisa kichwa.

"Yaani Jiwe linataka kupigwa?"

Luteni akatafsiri. Abgrall akajibu, "Mwambie jiwe halitaki kitu. Manowari ndiyo inataka."

Meja hakucheka. Aligeuka akatazama mchanga, machela zilivyopangwa pale zikisubiri. Akasema asiyetaka kubaki ashuke naye sasa hivi. Hakuna aliyeshuka. Nitakuwa mkweli: mimi kile kiboti nilikitazama sana, na miguu yangu ilikuwa na maoni tofauti na yangu.

Tukateremsha jiko langu hadi chini ya dohani, tukaliweka juu ya lile zege, ambalo pale lilikuwa limepanda juu ya maji, na pembeni yake tukapanga mapipa tuliyoyakata katikati. Abgrall akavua koti, akatema mate mikononi, akawasha. Nilipanda juu kutazama. Nikangoja. Akapaza sauti kwenye bomba la kusemea.

"Vipi huko?"

"Vipi nini? Hakuna kitu! Hewa inacheza tu juu ya dohani. Safi kabisa, Mzee! Admirali angekuona angekuvisha nishani!"

Nilisikia matusi ya Plouescat yote, ya zamani na mapya. Akajaribu tena, nami nikashuka nimwangalie. Alitia mbao zilizolowa lami, vizuri tu. Akatia matambara yenye oili chafu, vizuri. Halafu mkono wake wa kushoto ukaenda wenyewe pembeni, ukafungua mlango wa hewa. Moto ukanguruma, ukawa mweupe, ukala kila kitu bila kuacha hata uzi wa moshi.

"Mzee," nikasema. "Mkono wako huo."

"Umefanya nini?"

"Umefungua hewa."

Akautazama mkono kama mali ya mtu mwingine. Akaufunga ule mlango wa hewa, akaanza upya, na kabla sijahesabu kumi ulikuwa wazi tena. Akakaa kwenye ndoo.

"Siwezi," akasema. "Miaka yote hii, Fanch. Nimewapiga watu kwa ajili ya moshi. Hii mikono haijui kuchafua."

Macho yake yalikuwa yamelowa. Ningesema ni kwa sababu ya moshi, lakini moshi ndio ulikuwa haupo.

"Sogea," nikamwambia. "Hii ni kazi ya mchoma supu."

Nikafanya yote ambayo tangu nizaliwe nimegombezwa kwa kuyafanya. Nikajaza moto kupita kiasi mpaka ukakosa pumzi. Nikatia mafuta ya kukaangia yaliyooza, vipande vya zulia la mpira, godoro lililolowa. Nikafunga hewa yote. Moto ukakohoa, ukanuna, kisha dohani ikaanza kuvuta. Huko juu watu wakapiga kelele. Nilipanda mbio, na niliuona: mweusi ti, mnene, unapanda juu ya bendera na kulalia upande wa mashariki, kule waliko Wajerumani. Sijawahi kujivunia chakula chochote nilichopika kama nilivyojivunia ule moshi.

Abgrall akaja nyuma yangu, akautazama, akanikamata ukosi.

"Wewe! Unadhani Mjerumani ni mjinga? Meli haiamki hivyo!"

"Si ulitaka moshi?"

"Moshi wa meli nilitaka, siyo wa nyumba inayoungua! Sikiliza. Kwanza mdogo, wa kijivu, ni tanuri moja. Kisha mweusi nusu saa, wote wanawasha. Kisha unapungua, mvuke umeshapatikana. Mtu wa kazi akiuona unapungua ndipo anashtuka, anasema hawa wako tayari kuondoka. Hapo ndipo anapiga."

Basi tukagawana. Mimi chini, yeye juu na saa yake mkononi, ananipigia kelele kwenye bomba: "Tia! Tia zaidi, Mchoma Supu! Sasa punguza... punguza nimesema! Iko karibu kuondoka!" Aliyasema haya kwa sauti ya mtu ambaye kweli ana meli inayokwenda.

Kombora la kwanza lilianguka mbali, upande wa omo, mbele ya meli. La pili likaturushia maji. La tatu likatupata ubavuni, na masizi ya miaka thelathini yakaniangukia kutoka kwenye dohani nikawa siwezi kuona mikono yangu. Nikiwa nimelala pale kifudifudi nikasikia bomba linapiga ukelele.

"Wanatupiga! Fanch, wanatupiga!"

Hivyo ndivyo mtu anavyokimbia barabarani kutangaza kwamba mkewe amejifungua. Nikajikuta nacheka.

Tulifanya hivyo siku tano. Kila asubuhi Saintonge iliamka, na kila asubuhi Wajerumani waliipiga ili isiondoke, na ilipokuwa bado imesimama walileta ndege. Hatukuwa na pa kuzama, chini yetu ni mchanga. Tuliwapoteza Le Dréau na Cabon kwenye mizinga midogo, na wengine tisa walijeruhiwa. Nyuma yetu boti ziliingia na kutoka. Siku ya nne Meja alituletea matairi arobaini ya magari yaliyovunjika ufukweni, pamoja na karatasi: "Kwa manowari Saintonge, kwa heshima." Luteni alimsomea Abgrall. Mzee akaikunja akaipeleka motoni pamoja na matairi.

"Huyu ni rafiki," akasema. "Rafiki husema lolote ili ufurahi."

Siku ya sita kombora liliingia chini ya dohani. Mimi nilikuwa nimepanda kuchukua tairi, na yeye alikuwa ameshuka kunisuta kwamba nachelewa. Nilimkuta amekaa ameegemea zege, chuma kimemwingia tumboni, moto umetawanyika pande zote. Tukambeba hadi mahali palipokuwa jiko langu, tukamlaza mezani. Luteni akaashiria kwa bendera tuletewe boti la majeruhi.

Dohani ikatulia. Wajerumani walituongezea makombora mawili, kisha kimya. Halafu nikaisikia tena ile sauti ya kitambaa kinachochanwa juu ya vichwa vyetu, na kishindo nyuma yetu, mchangani. Abgrall naye aliisikia. Alifumba macho.

Saa saba mchana Luteni alikuwa na desturi ya kusikiliza redio ya Berlin. Siku hiyo alishuka ngazi mbio mpaka akateleza.

"Wametutangaza! Wanasema wametuzamisha!"

Tukaangua kicheko, watu wenye viatu vikavu kabisa. Abgrall akafumbua macho.

"Wamesemaje, Afande?"

"Kwamba imezamishwa, Mzee."

"Siyo hilo. Wameiitaje?"

Luteni akaelewa. Akavuta pumzi, akasimama wima kama anayesoma amri mbele ya kikosi. "Wamesema: manowari ya Kifaransa Saintonge, iliyokuwa ikiyazuia majeshi yetu, imezamishwa baada ya mapambano makali."

"Manowari."

"Manowari, Mzee. Neno lao lenyewe."

"Rudia, Afande."

Luteni akarudia. Akaombwa akarudia mara ya tatu, safari hii kwa Kijerumani, naye Abgrall, ambaye hakujua Kijerumani hata cha kuombea maji, alisikiliza akitikisa kichwa kukubali kila neno. Kombora jingine likapita juu. Akanigeukia.

"Na wewe unangoja nini hapa? Wamesema imezama. Wafanye waongo."

Nilishuka. Hapakuwa na mtu wa saa, hapakuwa na kijivu wala kupunguza. Tulikusanya moto uliotawanyika, tukatia kila kilichoungua: matairi yaliyobaki, magodoro yetu wenyewe, milango, kasha la sare za Luteni, ambaye alilileta kwa mkono wake. Nilifunga hewa yote. Ulitoka moshi wa kufunika nusu ya Normandy. Nilipopanda sitahani, boti la majeruhi lilikuwa limeshaachana na ubavu wetu, na Abgrall alikuwa juu ya machela, amejiinua kwa kiwiko, ananyoosha kidole kwenye dohani na kupiga kelele. Upepo uliyachukua maneno. Nilimpungia mkono.

Kombora la kwanza lilitufikia saa nane na robo. Nilikuwa naogopa, na nilipiga vigelegele.

Jioni msaidizi wa daktari Mwingereza alirudi kuchukua majeruhi wengine. Akaniambia mzee alifariki kabla hawajaifikia meli ya hospitali. Kisha, kwa Kifaransa chake cha kuokoteza, akaniuliza yale maneno yalikuwa na maana gani, kwa kuwa mzee aliyarudia njia nzima, na yeye alidhani labda ni sala, au ni ujumbe kwa mkewe. Alikuwa ameyashika kichwani ili asiyapoteze. Akayatamka polepole, moja moja, Kibretoni chetu kabisa.

"Punguza, wewe. Punguza. Imeshaamka."

Nikamwambia siyo sala, ni amri ya kazi. Nikashuka chini kwenye moto, nikafungua hewa kidogo.